Viazi Vilivyozirai Mchana

Ghala la mbegu la Tabby halikuwa na dirisha. Ukifungua mlango, mwanga uliingia polepole, nawe ukaanza kuona viazi vimelazwa juu ya nyasi kavu, vidogo kama mayai ya kwale, kila kimoja kimechomoza machipukizi meupe yaliyoelekea pale uliposimama. Wageni hawakupenda kukaa mle. Walisema ni kama kuingia katika chumba cha watoto walionyamaza ghafla. Tabby aliwacheka.

"Zinanijua," alisema. "Nikiingia zinainua vichwa."

Aliishi juu ya Elburgon tangu alipoolewa na Kabiru, mpasua mbao, kwenye kipande cha lililokuwa zamani shamba la mlowezi, pale mashamba yanapokoma na msitu wa Mau kuanza. Kabiru alikufa, mashine za mbao zikanyamaza moja baada ya nyingine, lakini viazi vya Tabby havikukosa msimu. Mama mkwe wake alikuwa amemwachia sheria, naye aliishika kama iliyoandikwa kwenye jiwe: kubwa ni za lori, za katikati ni za sufuria, ndogo ni za udongo. Mteremko mzima ulifanya hivyo. Nani azike kiazi kikubwa wakati mnunuzi anapiga honi barabarani? Kidogo hakina mwenyewe. Kirudishe chini, kikakue.

Ila ndogo za Tabby zilikuwa na sifa. Zilimea zote. Watu walisema ana mkono mwepesi, na neno likisemwa miaka mingi huzaa desturi. Binti wa mteremko ule akiolewa, wanawake walikuja kwa Tabby wakiimba, wakajaza kiondo kutoka ghala lile, na bibi harusi akaondoka nacho. Mbegu ya bibi harusi haiuzwi. Kwa njia hiyo viazi vyake vilikuwa vimefika Sachangwan, Molo, Njoro, Bahati, hadi huko chini kwenye joto. Ungechora ramani ya mabinti walioolewa, ungekuwa umechora ramani ya viazi vya Tabby. Kanisani walimwita Mama Mbegu, naye alilipenda jina hilo kuliko alivyotaka watu wajue.

Shiru, bintiye wa pekee, alipoolewa Rongai, Tabby alimchagulia mbegu kwa mkono wake mwenyewe, akizigeuza moja moja kama mtu anayepangusa nyuso.

Mume wa Shiru aliitwa Micah. Babu yake alitoka magharibi kuja kufanya kazi ya reli Nakuru, na ukoo haukurudi tena. Mama yake Micah, Nanyama, alilima nyanya, na nyanya zake zilijulikana hadi Milimani, ambako wapishi wa majumba makubwa walizitafuta kwa jina lake. Alimpa Shiru kipande cha ardhi kando ya nyanya hizo.

"Panda hizo waru zenu za baridi," alimwambia akicheka, akiviita viazi kwa jina la kwao Shiru. "Tuone kama zitavumilia jua la watu."

Zilivumilia. Zilitoa majani mapana ya kijani, hata Nanyama akaacha kucheka, akaanza kupita pale kuyatazama. Kisha siku moja, jua likiwa utosini, simu ya Tabby ikalia.

"Mami," Shiru alisema, "waru zinazirai."

"Zinakosa maji."

"Nimezimwagia. Udongo umelowa. Mchana zinalala zote, na majani ni ya kijani kabisa, hakuna hata moja limekuwa manjano. Jioni zinaamka. Zinasimama wima kama hakuna kitu kilitokea."

Tabby alihamishia simu sikio la pili. Alikuwa hajawahi kusikia mmea unaokufa mchana na kufufuka jioni. "Ni jua la huko," alisema mwishowe. "Zitazoea."

Hazikuzoea. Baadhi zililala na jioni ikapita bila kuamka. Kisha nyanya za Nanyama, mstari uliopakana na viazi, nazo zikaanza kuinamisha vichwa. Shiru alipopiga simu tena, sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu aliyejificha nyuma ya nyumba.

"Mamake Micah anasema kuna mtu amepita hapa na uchawi. Anasema mwaka huu hakuna kitu kipya kiliingia kwa boma ila mimi na kiondo changu. Anataka nije huko nyumbani nipumzike kidogo."

"Upumzike kidogo?"

"Mpaka waombee shamba."

Tabby alijua maana ya kupumzika kidogo. Aliwajua wasichana waliorudi na mfuko wa nguo, wakakaa wakingoja kuja kuchukuliwa, hadi watu wakazoea kuwaona tena kisimani. "Na Micah anasema nini?"

"Micah haongei, Mami. Anatazama chini tu."

Asubuhi iliyofuata Tabby alivaa gambuti zake za mpira za shamba, kwa kuwa alikusudia kuingia shambani, akashuka Rongai.

Alifika mchana. Hakukuwa na upepo. Alipopinda nyuma ya nyumba aliliona shamba la bintiye limelala lote, mmea juu ya mmea, kama kusanyiko lililoambiwa lifumbe macho likasahau kuyafumbua. Aliinama akashika jani. Lilikuwa bichi, baridi, halina doa. Aling'oa mmea mmoja. Viazi vilivyotoka vilikuwa na udongo ulioganda machoni, na alipoufuta kwa kidole gumba, jicho la kiazi likatoa ute mzito wa kijivu, ukamjia kidoleni polepole. Aliufuta haraka kwenye leso.

"Karibu, Mama Shiru," Nanyama alisema nyuma yake. "Umekuja kuona waru zikisali?"

"Mama Micah, nimekuja kumwona mtoto wangu."

"Mtoto yuko. Chai iko. Nyanya ndiyo haiko."

Kulikuwa na msichana pale, amechuchumaa mwisho wa mstari, suruali imetiwa ndani ya gambuti. Huyu alikuwa Valarie, binti wa kaka yake Nanyama, aliyekuwa akisomea mambo ya udongo chuoni Njoro. Micah alikuwa amemwita kisirisiri; kumbe yule asiyeongea alikuwa amefanya hilo.

"Anti, nipee glasi," Valarie alimwambia Nanyama. "Ile ya kuona ndani. Na maji safi."

Alikata shina la kiazi karibu na ardhi, akalishika kwa juu, ncha iliyokatwa ikiingia tu majini, akatulia. Wote walikuja kutazama, hata Shiru, aliyesimama mbali kidogo na mama mkwe wake. Kwa muda maji yalikuwa maji. Kisha kutoka katika lile jeraha ukashuka uzi mweupe, mwembamba kama moshi wa mshumaa uliozimwa, ila huu ulikwenda chini. Haukutawanyika. Ulinyooka, ukajipinda, ukafika chini ya glasi ukaanza kujikunja kama kitu kinachotafuta pa kulala. Uzi wa pili ukafuata.

"Yesu," alisema Nanyama. "Ni nini hiyo inatembea?"

"Ni bakteria, anti. Huo uzi ni wao wenyewe, kwa mamilioni, na ute wao. Wanaingilia kwa mizizi."

"Nani amewatuma?"

Valarie hakucheka. "Mzizi ndio unawaita. Mzizi unatoa jasho lenye sukari kwa udongo, na hawa wanalinusa. Ni wadogo kuliko vumbi la unga, lakini kila mmoja amebeba maagizo ndani yake, tunayaita jeni. Maagizo hayasomwi yote kwa wakati mmoja. Akiwa safarini, jeni za mkia ndizo ziko macho, anaogelea kwenye maji ya udongo akifuata ile harufu. Akigusa mzizi, jeni zingine zinaamka, anajitengenezea kitu kama sindano, anadunga mmea ndani, ile kinga yake inyamaze. Halafu anaingia kwa mishipa ya maji."

"Na mmea hausikii?" Shiru aliuliza.

"Mwanzoni hapana, kwa sababu bado ni wachache, na wakiwa wachache wanakaa kimya. Wanahesabiana kwanza."

"Wanahesabiana na nini, na hawana macho?" Nanyama alidakia.

"Kila mmoja anatoa harufu yake. Harufu ikiwa kidogo, wanajua hawajatosha. Ikijaa, wanajua wametosha. Hapo wote wanageuka pamoja. Jeni za mkia zinalala, za ute zinaamka, wanaziba mshipa. Mmea unakufa kiu na miguu yake iko kwa maji."

"Kumbe ni kama wanawake wa chama," Nanyama alisema. "Wawili hawasemi kitu. Ngoja wajae sebule." Lakini hakuwa akicheka, na macho yake hayakutoka kwenye glasi. "Sasa niambie, mtoto wa kaka yangu. Walitoka wapi?"

"Labda walikuwa kwa udongo huu. Ama walikuja na mbegu."

"Mbegu yangu ni nzima!" Tabby alisema. Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Nimegawa mbegu tangu huyu hajazaliwa. Njooni Elburgon muone. Shamba zima, hakuna jani limelegea."

"Na udongo wangu," Nanyama alijibu taratibu, "nimeulima nyanya tangu Micah akiwa mgongoni. Haujawahi kuua." Alimgeukia Shiru.

Hapo Tabby aliona alichofanya. Kama mbegu ni safi na udongo ni safi, palibaki mtu mmoja tu aliyesimama kati ya hivyo viwili. Shiru alikuwa akimtazama mama yake, si mama mkwe. Akimtazama kama mtu aliye ndani ya maji anavyomtazama aliye ukingoni.

Valarie alimsindikiza Tabby hadi lango. "Mathe," alisema kwa sauti ya chini, "kwenu ni baridi. Baridi inawabembeleza hawa. Wanaingia kwa mmea, hawajai haraka, mmea unakaa mzuri na hujui una wageni. Kiazi kinatoka safi. Ukikishusha kwa joto, ndio wanaamka. Na mmea ulioingiliwa unazaa ndogo ndogo. Nyinyi mnapanda gani?"

Tabby alishika komeo la lango.

"Kata shina moja tu. Kata lile zuri kuliko yote. Kama hakuna kitu, utakuwa umenyamazisha kila mtu."

"Na kama kipo, Shiru atabaki?"

"Anti si mtu mbaya. Anataka kujua ni nini kimeingia kwake. Mpaka ajue, atashika aliye karibu."

Nyumbani, Tabby alikawia. Alipalilia pasipo na magugu. Alichuma mboga za managu zilizojiotea kati ya mistari, akazipika, hakuzila. Usingizi ulipokuja aliota yuko ghalani na vichwa vyote vimeinuka, lakini havikumtazama yeye. Vilitazama kitu nyuma yake. Alijua kwamba kesho yake wanawake wangekuja. Binti wa Wangare, jirani yake, alikuwa akiolewa Subukia, na kiondo kilikuwa kimeshasukwa.

Asubuhi ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye ua, msitu hauonekani, ila ungesikia matone yakianguka kutoka miti usiyoiona. Tabby alibeba glasi ya maji hadi katikati ya shamba. Kila mmea ulisimama. Alichagua ule aliojivunia, uliotoa maua meupe mengi, akakata shina lake. Akaliweka majini, akalishikilia lisisogee.

Maji yalibaki maji.

Alisubiri. Maji yalibaki maji, angavu, na ndani yake aliona kidole chake mwenyewe kimekuwa kikubwa. Akaanza kupumua. Akaanza hata kutunga maneno atakayomwambia Nanyama, maneno ya adabu yenye mwiba ndani.

Kisha uzi ukashuka.

Ulikuja polepole kuliko wa Rongai, kama mtu mzee anayeteremka ngazi gizani, mweupe, mtulivu, ukajikunja chini ya glasi bila haraka yoyote. Tabby alitazama shamba lake. Mimea yote imesimama, mizuri, kimya. Ilikuwa kimya tangu lini? Mama mkwe wake alipokuwa akizigawanya, kubwa, katikati, ndogo, je, ukimya huu ulikuwa tayari chini ya miguu yao, ukihesabu? Miaka yote aliamini mkono wake ndio uliochagua. Kumbe kila msimu alikuwa ameinama kuwachagulia wao, kiazi kidogo baada ya kidogo, akiwalaza kwenye nyasi kavu, akiwatuma harusini.

Alikata shina lingine, na lingine. Mengine yalikuwa safi. Mengine hayakuwa safi, na kwa kuyatazama tu hungejua lipi ni lipi.

Wanawake walisikika kabla hawajaonekana. Nyimbo zao zilikuja ndani ya ukungu, zikiwa karibu halafu mbali, kisha nyuso zikajitokeza, Wangare mbele, kiondo kipya kichwani.

"Mama Mbegu! Fungua mlango, mtoto anaondoka!"

Tabby alisimama mbele ya ghala. "Leo sifungui."

Walicheka, wakidhani ni mzaha wa harusi. "Anataka aimbiwe zaidi!" mmoja alipaza sauti, nao wakaimba zaidi. Walipomaliza, bado alikuwa amesimama.

"Kwani tumekukosea?" Wangare aliuliza. "Ama Shiru akishaolewa, wa wengine waende mikono mitupu?"

"Ameonja uchoyo uzeeni," sauti ilisema kutoka nyuma.

Tabby aliinama akainua glasi iliyokuwa karibu na mguu wake, na shina bichi. Hakuwa na maneno ya Valarie. Alikata ncha ya shina upya, akalishika majini, akasema, "Tazameni tu. Msiongee."

Walitazama. Uzi uliposhuka, mmoja aliyekuwa akipiga kigelegele cha mwisho alikikata katikati.

"Hii imetoka kwa mmea wangu mzuri," Tabby alisema. "Huku juu kwetu inalala. Ikifika kwenye joto, inaamka. Waru ya Shiru imekufa imesimama. Nyanya za mkwe wangu zimekufa. Si uchawi, na si mkono wa Shiru. Ni hii, na mimi ndiye nimekuwa nikiigawa."

Ukungu ulipita kati yao. Tabby aliona midomo ikianza kusogea bila sauti, na akaelewa: kila mwanamke alikuwa akihesabu. Wa kwangu yuko Bahati. Wa dada yangu yuko Njoro. Yule wa kwanza, wa huko chini, aliyerudishwa na watu wakasema ana mguu mbaya. Hesabu ilipita toka uso hadi uso hadi ikajaa, na ilipojaa, nyuso zote ziligeuka kwake kwa pamoja.

Alingoja wamseme. Ilikuwa haki yao.

Wangare ndiye aliyesogea. Alishusha kiondo kichwani, akakitazama ndani, kitupu. "Cherop," alisema. "Cherop wa pale juu alirudishwa mtoto wake kwa sababu ya shamba kukauka. Tulisema nini sisi? Tulisema msichana ana mkosi." Alifunga mdomo kwa kiganja.

"Nitaenda kwake," Tabby alisema. "Nitaenda kwa kila mmoja. Lakini acheni kwanza niende Rongai."

Ghala hakulichoma. Aliwaambia wanawake kwamba viazi vyenyewe havimdhuru mla. Vichemsheni, visirudi ardhini, hata maganda. Wakavibeba kimyakimya kwenda navyo jikoni, na harusi ile ilikula mbegu za Tabby badala ya kuzipanda. Yeye alifunga mlango wa ghala tupu na kushuka tena, na lile shina bichi likiwa limefungwa kwenye karatasi ya nailoni ndani ya mkoba.

Nanyama alimkuta langoni. "Simama hapo hapo, Mama Shiru." Tabby alisimama. Nyuma ya Nanyama, barazani, aliuona mfuko wa nguo wa bintiye, umefungwa.

"Nipe glasi, Mama Micah. Nimekuletea kitu kutoka kwangu."

Nanyama alileta glasi yenye maji. Tabby alifanya kazi yake palepale juu ya nguzo ya lango, na wote wawili wakainamisha vichwa vyao juu ya ile glasi, vitambaa vyao vikikaribia kugusana, hadi uzi ulipomaliza kushuka.

"Ni mbegu yangu," Tabby alisema. "Haikuwa msichana."

Nanyama alitazama shambani, ambako mimea yote ilikuwa imeshang'olewa. "Nyanya zangu hazirudi," alisema.

"Hazirudi. Valarie anasema hata miaka ijayo usipande nyanya hapo, wala waru, wala pilipili. Panda mahindi."

"Mahindi!" Nanyama alisema, kama aliyetukanwa. "Watu wa Milimani waje kwangu kutafuta mahindi." Kisha akageuza kichwa kuelekea barazani na kuita kwa sauti kali, "Shiru! Huo mfuko umeuweka hapo uchekwe na nani? Rudisha ndani, ulete karai na ile brashi ya viatu."

Shiru alikuja na karai, macho mekundu. Nanyama alimpokonya brashi. Hakumruhusu Tabby ajioshe mwenyewe. Alichuchumaa pale langoni, akaishika gambuti ya Tabby kwa kisigino, akaisugua, nyayo na mishono, hadi udongo mweusi wa Elburgon ukayeyuka wote katika maji.

"Usiniletee wengine, Mama Shiru," alisema bila kuinua uso. "Nina wangu wa kutosha sasa."

Maji yale walichemsha kabla ya kuyamwaga. Kisha wakaingia ndani kunywa chai, watatu, na mlango wakauacha wazi.

Nje, shamba lilikuwa limeng'olewa, tupu, limesawazishwa. Jua liliuchoma udongo na udongo haukusema kitu. Chini, penye unyevu, walibaki wachache, mikia yao tayari, wakisikiliza mzizi utakaowaita.